Malkia na Biskuti Kisiwani Kwetu

Jumatano, Machi 19

Tumefika. Bahari ilikuwa mbaya. Mimi nilitapika mara mbili, Mama hakutapika hata mara moja. Ana miaka themanini na nne, na alikaa mbele kabisa ya boti, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, kama mtu anayepelekwa harusini. Tangu siku za kubebwa mgongoni amekosa msimu mmoja tu wa kuvuna makinda ya ndege wa baharini hapa kisiwani, ule aliokuwa anamzaa kaka yangu Royce, na mpaka leo Royce analaumiwa. Banda limesimama. Paa linavuja juu ya kitanda changu peke yake.

Ijumaa, Machi 21

Tumekwangua meza za kunyonyolea. Mvua.

Jumamosi, Machi 22

Tumepata majirani. Banda la marehemu mzee Clyde, lililofungwa miaka sita, limechukuliwa na mjukuu wake Gavin Tranter, aliyekulia mjini Launceston na kuuza mazulia. Ni damu yake, haki anayo, sisemi kitu. Ila hajawahi kushika ndege maishani mwake. Amekuja na mkewe Lorelle, na kutoka kwenye boti wameshusha vitu hivi: kitanda cha kukunja, mashine ya kahawa ya umeme (kisiwa hakina umeme), na kizimba chenye sungura wawili, mmoja mweupe, mmoja rangi ya kahawia.

"Hawa ni Malkia na Biskuti," Lorelle aliniambia, kana kwamba nilipaswa kuwapa mkono. "Wote wa kike. Muuzaji alituhakikishia."

Nikamwuliza kama anajua kwamba huku hata mbwa haletwi.

"Mbwa ni mbwa, mpenzi. Hawa hawamsumbui mtu."

Ananiita mpenzi. Nina miaka hamsini na tatu. Kwetu mwanamke wa umri wangu ni Shangazi, hata kwa wasio wa ukoo, na hilo mtoto hulijua kabla hajajua kufunga viatu. Royce aliinama akamtazama Biskuti kwa nyuma, akasema taratibu, "Kama huyu ni wa kike, basi na mimi ni wa kike." Lorelle akacheka. Alidhani ni mzaha.

Jumapili, Machi 23

Sala bandani kwetu, kama kila mwaka. Niliwapelekea majirani habari tangu jana. Walilala.

Jumatatu, Machi 24

Kizimba kiko wazi. Sungura walikuwa wanakula majani kwenye mteremko tunaouita wa Bibi, wenye mashimo ya ndege. Nilikwenda kusema. Lorelle alikuwa amekaa mlangoni, miguu juu ya kreti.

"Wanahitaji kupumua," akasema. "Mjini wanakaa ndani mwaka mzima. Jioni wanarudi wenyewe, wanajua majina yao."

Nikamweleza kwa upole, Mungu ni shahidi. Nilimwambia ndege hawa wanaruka nusu ya dunia kila mwaka na kurudi kwenye shimo lilelile, dume na jike walewale. Sungura akikuta shimo tayari hachimbi lake, anaingia. Na majani anayokula ndiyo yanayoushika mchanga. Yakiisha, mashimo yanaporomoka. Kisiwa kile tunachokiona kutoka dirishani kilikuwa na ndege wengi kuliko hiki, mpaka mtu mmoja akaachia sungura wake kabla Mama hajazaliwa. Leo ni mchanga na upepo.

"Lakini hao walikuwa sungura wa porini," akasema Lorelle.

Nikarudi kwetu.

Alhamisi, Machi 27

Msimu umefunguliwa. Tulipanda saa moja asubuhi. Mama aliingiza mkono shimo la kwanza kama kawaida yake, akatoa kinda mnene, akambusu kichwani. Mgongo unaniuma. Nimefurahi.

Ijumaa, Machi 28

Lazima niandike kuhusu glavu.

Kazi yetu ni ya mkono mtupu. Unalala kifudifudi, unaingiza mkono hadi begani, na vidole ndivyo macho. Ukikuta baridi, unautoa polepole ukimwomba Mungu, kwa sababu ni nyoka. Ukikuta joto na vinyoya laini, unashika kichwa, unakunja kifundo cha mkono, unavunja shingo humohumo ndani ili ndege asiteseke, ndipo unamtoa. Haifikiriwi. Ukifikiri umechelewa, atakudonoa na kukutapikia mafuta.

Gavin Tranter amekuja na glavu ya mpira inayofika kwapani. Ya kuzibulia vyoo, nadhani. Kwa glavu hiyo hajui joto wala baridi, hajui ndege wala jiwe. Siku nzima alipata ndege wanne na kopo moja la bia la miaka ya zamani. Royce alimwuliza, "Bwana, unavua ndege au unamzalisha ng'ombe?" Akacheka naye, maskini. Angalau anacheka.

Jumanne, Aprili 1

Ndege wengi. Mikono inanuka mafuta hata nikiomba.

Jumamosi, Aprili 5

Vinyesi vya sungura kwenye midomo ya mashimo matano. Nimehesabu mimi mwenyewe. Jioni Lorelle alipita akitikisa kopo la shayiri, akiita "Malkia, Biskuti, njooni kwa Mama." Mwanamke mzima. Sungura walikuja, mmoja baada ya mwingine, nusu saa nzima.

Nilimwambia Royce tupige redio kwa afisa wa wanyamapori, Bi Corliss.

"Piga," akasema Royce. "Aje aone sungura, akifunge kisiwa, amwage sumu majira yote ya baridi. Misimu miwili hakuna kushuka hapa. Mama ana miaka mingapi, Ismay?"

Sikupiga. Miaka miwili kwa mtu wa themanini na nne ni mlango kufungwa, na yeye anaishi kwa ajili ya wiki hizi sita. Nilimwangalia akinyonyoa, anaimba tenzi, amefunikwa manyoya hadi nyusi. Nikajiambia msimu ukiisha tutasema.

Jumatano, Aprili 9

Naandika haya nikiwa nyuma ya banda, juu ya magunia ya chumvi, ili Mama asinione uso.

Asubuhi nilikuwa mteremko wa Bibi, peke yangu upande wa juu. Shimo la saba au la nane. Niliingiza mkono, nikakuta joto. Laini. Nikasogeza vidole kutafuta kichwa, nikakipata, nikakunja. Kikalia kitu kidogo kama kijiti kinachovunjika. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta ndipo vidole vikaniambia kwamba masikio ya ndege hayako hivyo.

Alikuwa Malkia. Mweupe kabisa, na mkanda mwekundu shingoni wenye kengele ndogo. Kengele ililia mara moja alipotoka, basi.

Miaka arobaini nimefanya kazi hii. Nimemcheka Gavin kwa glavu yake siku kumi na mbili mfululizo. Sasa mwenye glavu hajamwua sungura wa mtu, na mimi mwenye mkono mtupu na sifa zote nimemwua, kwa sababu mkono wangu unajua kazi kuliko ninavyoijua mimi.

Royce alinikuta nimekaa. Alimtazama sungura, akanitazama mimi.

"Vizuri," akasema. "Bado mmoja."

"Royce, ni wa mtu."

"Ni wa mtu mpumbavu. Nipe hapa."

Alimzika chini ya vichaka, akakanyaga mchanga, akaniambia nikae kimya hadi tarehe thelathini, msimu unapofungwa. Alisema nikikiri, Lorelle atapayuka redioni, na redio yetu husikilizwa na visiwa vyote. Bi Corliss atajua kabla ya chai. Nikakubali. Nimeandika hapa kwamba nilikubali upesi, na kwamba nilipokuwa nashuka mlimani sikumhurumia Lorelle hata kidogo. Nilifikiri: angemfungia.

Alhamisi, Aprili 10

"Malkia. Malkia." Kopo la shayiri. Tangu saa kumi hadi giza.

Ijumaa, Aprili 11

Vilevile.

Jumamosi, Aprili 12

Lorelle alikuja kwetu, macho mekundu, akaniomba nimsaidie kutafuta kwa kuwa naujua mteremko. Nilikwenda. Nilipanda naye saa nzima, nikainama kwenye mashimo, na alipochoka nikapokea kopo nikalipiga mimi. Naliandika kwa kuwa Mungu ameshaliona, haifai daftari lisilione.

Akiwa amekaa kwenye jiwe akaniambia, "Na wiki ijayo ni Pasaka. Fikiria, mpenzi. Sungura wangu kupotea wiki ya sungura wa Pasaka."

Nilikuwa karibu kumhurumia. Akasema hivyo, nikapona. Mwokozi hakutoka kaburini ili sungura agawe mayai ya chokoleti, lakini ukiwauliza hawa watu wa mjini, nusu yao hawatakuwa na uhakika.

Biskuti naye haonekani tangu asubuhi, anasema.

Jumapili, Aprili 13

Matawi. Niliongoza sala mimi. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Jumatatu, Aprili 14

Leo Mama alitaka kupanda mteremko wa Bibi. Nilimwambia upande wa chini una ndege wengi, akaniambia yeye alikuwa anajua huo mteremko kabla sijawa hata wazo. Akaenda moja kwa moja kwenye shimo lile.

Alilala chini, akaingiza mkono hadi begani. Kisha akatoa ngumi imejaa manyoya meupe. Akaingiza tena, akatoa kitoto cha sungura, hakina nywele, kimekauka. Halafu cha pili. Halafu cha tatu. Akavipanga juu ya nyasi kimoja kimoja kama anavyopanga vijiko.

"Mama yao alijinyonyoa kifua akawatandikia," akasema. "Mama wa namna hiyo haachi watoto. Yuko wapi, Ismay?"

Aliniuliza mimi, hakumwuliza Royce aliyekuwa pembeni. Nikasema yote, hadi habari ya kopo. Mama hakuinua sauti. Alifuta mkono kwenye aproni.

"Siku tano," akasema. "Siku tano mnanilinda mimi."

Royce akaanza, "Mama, wakifunga kisiwa..."

"Wakikifunga nitakufa nikiwa na kisiwa kilichofungwa. Mkinyamaza nitakufa nikiwa sina kisiwa. Nipelekeni kwenye redio."

Alipiga mwenyewe. Bi Corliss alisikiliza, akasema atakuja Alhamisi na mbwa wake wa kunusa. Kama mbwa atakuta sungura hata mmoja anayetembea kisiwani, kinafungwa misimu miwili. Kama hakuna, hakuna. "Pole, Shangazi," akasema. Yeye ni wa mbali lakini anajua kuita.

Kisha nikaenda banda la Tranter. Nilisimama mlangoni nikasema: nilimwua Malkia, tarehe tisa, kwa mkono huu, nilidhani ni ndege, na nikakuficha habari hiyo. Lorelle hakupiga kelele. Alikaa kitandani. Gavin akasema, "Ulipanda naye kumtafuta." Nikasema ndiyo. Akasema tena, "Ulipanda naye."

Nikawaambia afisa anakuja Alhamisi na mbwa, nikawauliza Biskuti yuko wapi. Wakaangaliana.

"Hatujui," akasema Lorelle. "Si nilikwambia. Amepotea."

Jumanne, Aprili 15

Tumechimba.

Sijawahi kuandika neno hilo katika madaftari yangu ya misimu. Shimo la ndege halichimbwi. Hata kulikanyaga kwa juu ni aibu, watoto huchapwa kwa hilo. Lakini Biskuti lazima apatikane kabla mbwa hajafika, na sungura hukimbilia ndani zaidi ya mkono wa mtu, kwenye kona, na njia ni koleo tu. Mama alikaa kwenye kreti katikati ya mteremko, akionyesha kwa fimbo mashimo yenye vinyesi. "Hilo." Tunachimba. Kinda anatolewa, shimo linabaki handaki. "Hilo."

Gavin alikuja na koleo lake bila kuitwa. Alifanya kazi kuliko Royce. Alivua shati. Nilimpelekea maji, akanishukuru, akaniita Shangazi kwa mara ya kwanza. Nilifikiri labda nimemhukumu vibaya, na nikasema hivyo kwa Mama, naye akasema, "Mm."

Mashimo manane.

Jumatano, Aprili 16

Mashimo sita. Jumla kumi na manne. Hakuna Biskuti. Kila shimo lilipoporomoka Mama alikuwa anataja jina: hili la shangazi yake, hili alilotolea ndege wake wa kwanza akiwa na miaka mitano. Saa tisa akaacha kutaja. Akasema yatosha, kesho mbwa aamue.

Gavin alibaki anafukia mahandaki peke yake. Sikumwambia afanye. Lorelle hakutoka bandani siku zote mbili, anaumwa kichwa.

Alhamisi, Aprili 17

Bi Corliss alishuka saa tatu. Mbwa wake ni mdogo, mweusi, ana adabu kuliko watu wengi niliowahi kuwakaribisha. Alipanda mteremko wa Bibi, akapita kwenye mahandaki, akanusa, akapita. Akaenda upande wa chini. Hakuna. Upande wa miamba. Hakuna. Mama alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vinanibana kila mbwa alipoinamisha pua.

Kisha mbwa akainua kichwa, akashuka mlima mbio kwa mstari ulionyooka, akaketi mbele ya mlango wa banda la Tranter.

Lorelle alifungua akiwa amevaa koti la kulalia. Bi Corliss akaomba kuingia. Chini ya kitanda cha kukunja kulikuwa na kreti la ndege, na ndani ya kreti Biskuti, anatafuna karoti, amenenepa.

Tangu Jumamosi asubuhi. Siku Lorelle aliponijia akilia nimsaidie kutafuta, alikuwa ameshamfungia. Aliona mmoja amepotea, akaogopa kwa ajili ya mwingine, na niliposema habari ya afisa akaogopa zaidi. Hilo naweza kulielewa, nikijilazimisha. Ila mume wake analala juu ya kitanda kile. Siku mbili alichimba nasi akijua. Mama akitaja jina la shimo, yeye anatia koleo. Alivua shati. Alikunywa maji yangu.

Royce alimwendea. Nilidhani atampiga, na sikumwomba Mungu amzuie. Gavin akaweka mikono chini.

"Nilitaka kusema," akasema. "Kila shimo nilitaka kusema."

"Kumi na manne," akasema Royce. "Ulitaka mara kumi na nne."

"Mke wangu angelia tena, bwana. Nilikuwa sijui nifanye nini na kilio chake."

Royce alitema mate mchangani miguuni pake, akaondoka.

Bi Corliss aliandika karatasi yake mezani kwetu. Sungura amekutwa amefungiwa, anaondolewa, hakuna anayetembea. Kisiwa hakifungwi. Atarudi Agosti kuhakikisha. Mama akamwuliza, "Na mwakani?" Akajibu, "Mwakani karibu, Shangazi." Mama akaenda kusimama nje kwa muda, amegeukia bahari. Biskuti aliondoka na boti. Ni dume, Bi Corliss alithibitisha.

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Hatukufanya kazi. Tulisoma mateso. Nilifika mahali pa liwali kunawa mikono, nikampa Royce aendelee.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Lorelle alikuja kwenye sala. Alikaa nyuma karibu na mapipa, akaimba asichokijua. Gavin alibaki nje, mgongo kwenye ukuta, tulimsikia anakohoa. Baada ya sala Mama akampa Lorelle chai.

"Asante, Shangazi," akamwambia Mama. Kisha akanigeukia. Mimi sikupewa mpenzi wala Shangazi.

"Ulinisaidia kumtafuta."

"Ndiyo."

"Ulilipiga kopo."

"Ndiyo."

Akanywa chai. "Hata mimi nililia mbele yako," akasema, "na mwingine yuko chini ya kitanda."

"Basi mmetoshana," akasema Mama. "Peaneni mikono, nataka kukusanya vikombe."

Tukapeana. Mkono wake ulikuwa laini kabisa, mkono usiojua lolote.

Jumatatu, Aprili 21

Nimepanda na Mama kwenye mahandaki. Alikuwa na mizizi ya majani kwenye ndoo, akawa anaishindilia mchangani kwa kisigino, mmoja mmoja. Nikamwambia ndege hawatarudi kwenye shimo lisilokuwepo. Akasema ndege watazunguka usiku mmoja wakilitafuta, kisha watachimba, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Gavin alikuwa chini yetu anabeba ndoo za maji. Hakuna aliyemwambia abebe, hakuna aliyemwambia aache.

Nikiwa pale nilimwambia Mama kwamba sikubali ile habari ya kutoshana. Mimi ni mtu wa sala, na wale ni watu wa mashine ya kahawa. Mimi nilimficha sungura aliyekufa, wao walimficha sungura mzima, na kati ya hayo mawili ipo tofauti kubwa.

"Itaje," akasema Mama, akaendelea na kisigino.

Nimekaa na kalamu tangu chai ya saa nne nikiitafuta hiyo tofauti niiandike hapa. Sasa Royce ananiita, ndege wako mezani.